Kanchiri Iliyorudi Kutoka Mkuu

Majengo, Moshi,
12 Septemba 1951.

Mama mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa ajili ya Pasaka, maana najua hujasahau kwamba sikukuandikia. Habari za Nairobi? Kile kikohozi kimeisha, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Baba mdogo Filemon bado wanampa zamu ngumu pale reli? Na watoto, wanapenda shule au wanapenda kengele ya kutoka shule?

Huku mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mama naye mzima, ila magoti, na magoti ya dada yako unayajua, huuma siku ya kuchuma kahawa na kupona siku ya harusi. Kahawa imeiva kwa fujo mwaka huu. Ukienda kihambani kumsalimia mtu kwenye kahawa yake, anakupa kikapu kabla hajakupa kiti.

Nimesema mwili ni mzima. Roho sio. Tangu Jumapili sikai, situlii. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui naenda wapi. Nimevunja sindano, na gauni la mke wa karani nimelishona mkono wa kulia upande wa kushoto. Leo asubuhi Mwantumu amenitoa kwenye cherehani yake. Amesema, "Theopista, utaniulia mashine. Nenda kamwandikie mtu, utoe hilo dukuduku." Basi nimekaa sakafuni na karatasi juu ya ubao wa kukatia nguo, nakuandikia wewe.

Jambo lenyewe ni hili. Nilimtumia mdogo wangu Dominika zawadi kule Mkuu alikoolewa. Zawadi imerudishwa. Mtoto wake anaumwa homa, na wanasema chanzo ni zawadi yangu. Nimekatazwa kwenda, na nimekatazwa kumshika mtoto ambaye hata sura yake sijaiona. Hapo ndipo tulipo, mama mdogo. Sasa nikueleze vizuri, usije ukadhani mwanao amekuwa mchawi huku mjini.

Zawadi yenyewe ni kanchiri. Usicheke. Unajua kazi yangu. Fundi Mikidadi anashona nje, barazani kwa Mhindi, suruali na kanzu na makoti ya wazee wa kahawa. Mimi na mkewe Mwantumu tunashona ndani, chumba cha uani, vile vitu ambavyo mwanamume hawezi kuvichukulia kipimo. Mwanamke gani atafungua kanga mbele ya Mikidadi apimwe kifua? Hata Mikidadi mwenyewe angekimbia. Kwa hiyo magagulo, mashimizi na makanchiri huja kwetu, mlango unafungwa, na maneno yanayosemwa mle ndani hayaandikiki.

Mwantumu alinifundisha kanchiri ya kwao, alivyoonyeshwa na mama yake Pangani. Ni kitambaa kilichonyooka, kinazunguka kifua, kinakazwa kwa tepe mgongoni. Kinashika kweli, lakini kinambana mtu mpaka anakuwa bapa kama ubao wa kufulia. Halafu Krismasi ukanitumia ile sidiria ya dukani. Sasa nikwambie ukweli: sikuivaa hata siku moja. Niliifumua. Nilichukua wembe nikaachanisha mshono mmoja mmoja, nikatandaza vipande juu ya marekani, nikakata kama vilivyo. Mwantumu alishika kichwa. Alisema, "Mtu ametumiwa nguo nzima kutoka Nairobi, yeye anaichinja!" Lakini tulipoziunganisha tena, tepe za Pangani na ile mifuko miwili ya Nairobi, loo! Ikatoka kitu ambacho hakikubani wala hakikuachi.

Tangu hapo hatupumui. Anakuja mke wa mwalimu, anataka yake ichongoke, ionekane chini ya blauzi mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Wanakuja wanawake wa Mabogini wanaoinama kwenye mpunga kutwa, hao hawataki urembo, wanataka kushikwa tu ili mgongo upumzike. Na yuko mmoja, jina silitaji kwa sababu unamjua, ambaye Mungu hakumpa kitu, anajaza sufi. Siku moja alinyeshewa na mvua njiani, na upande mmoja ukashuka.

Nikikaa nashona hivyo namkumbuka Bibi, mama yenu. Yeye alianza na ngozi, akaja kwenye kaniki iliyofungwa fundo juu ya kifua, na Masista walipompa shimizi ya marekani, pana kama gunia la unga, aliivaa Jumapili tu na kuivua njiani akirudi. Aliwaona nyinyi mkijikaza mikanda kifuani akasema titi si mbuzi, halihitaji kamba. Nyinyi mkawa mnacheka. Mimi nilikuwa mdogo, nikaenda kumtazama mbuzi.

Basi, turudi kwa Dominika. Unajua mwaka jana tulimzika mtoto wake wa kwanza, yule binti, hata kucheka alikuwa hajajua. Mwezi wa Juni Mungu akampa Primus, jina la baba wa mumewe Melkior, kama desturi. Tangu ajifungue yumo ndani, analishwa mtori na nyama na maziwa, jembe halishiki, nje ya uzio hatoki, mpaka siku yake ya kutoka ifike. Na wewe siku yako naikumbuka! Ulinyolewa, ukapakwa mafuta uking'aa, ukavishwa shanga, na wanawake sokoni wakakuimbia kana kwamba umetoka vitani. Siku hizi wanaanzia kanisani, Padri anambariki mama, ndipo anapelekwa sokoni. Mengine yote ni yale yale.

Siku hiyo ya Dominika ilikuwa iwe Jumamosi hii. Nami nikawaza: mdogo wangu alipita sokoni mwaka jana ameinama, amejifunika kanga mpaka machoni, watu wanampisha njia kwa huruma. Mwaka huu apite amenyooka. Apite na kifua kilichosimama kama mke wa mwalimu. Nikachukua poplini nyeupe, ile nzuri, nikakata kwa kukisia, maana namjua mwili wake kama wangu, nikashona kwa mkono pale ambapo mashine ingeacha alama. Mama mdogo, sijawahi kushona kitu kizuri kama kile. Nikaifunga karatasi, nikampa mtu wa lori la Tarakea aidondoshe Mkuu.

Jumapili baada ya misa nikamwona shemeji Melkior mlangoni. Nikafurahi, nikadhani amekuja kunialika. Kumbe kifurushi kile kile kiko mkononi, na karatasi ile ile. Akakiweka juu ya meza kama mtu anayeweka yai viza, akafuta vidole kwenye koti.

"Shemeji," akasema, "mama amesema uchukue kitu chako."

Nikamwuliza kama ni kikubwa au ni kidogo, nirekebishe. Akatazama dari. Akasema, "Kwetu mwanamke hufungwa kifua mtoto akifa. Wewe umetuma kitambaa cha kumfunga, na mtoto yuko hai. Siku kilipofika, jioni yake Primus akashikwa na homa. Mama amesema usije kwanza. Na usimshike mtoto. Na mambo ya Jumamosi yamesimama."

Akaondoka. Chai sikumpa, hata maji sikumpa.

Sasa mama mdogo, desturi hiyo naijua. Nani asiyeijua? Mtoto akifa na maziwa yakaendelea kuja, mkwe huchukua kaniki, akampasulia mke wa mwanawe kipande, akamkaza kifua mpaka yakauke. Mambo hayo hufanyika ndani, watu wa msiba hawayaoni. Mwaka jana bila shaka Dominika alifanyiwa hivyo hivyo. Lakini ile ni kaniki! Hii ni poplini! Ile inakausha, hii inabeba! Ina mifuko, ina mshono wa duara, nimeyatesa macho kuushona! Mtu akiona jembe na kijiko atasema ni kitu kimoja kwa sababu vyote ni vya chuma?

Na huyo mama Margareta, mkwe wake, wewe humjui vizuri. Ni mrefu, mkavu, maneno anayatoa kama anayanunua. Tangu harusi ananitazama kana kwamba nimebeba kitu cha wizi. Aliwahi kumwambia mama kwamba mwanamke asiye na mume akikaa mjini akawashonea wenzake vifua, mwisho wake hauwi mzuri. Alikuwa anatafuta sababu. Sasa ameipata, na ameipata kwa mtoto.

Namsema hivi kwa ukali, lakini nitakuambia kilichoko chini. Naogopa. Nikisikia mtu anabisha hodi nadhani ni mtu wa Mkuu. Primus akifa, nitaambiwa nilimshonea mama yake nguo ya msiba mapema. Na mimi mwenyewe, mama mdogo, nikiwa peke yangu, nauliza: je, kama ni kweli? Kisha najiita mjinga. Kisha nauliza tena.

Mama anasema niende na isale. Nichume jani, nifunge fundo, nimkabidhi Margareta, na mtu akipewa isale hawezi kukataa kusamehe. Nimemwambia mama kwamba isale ni ya mkosaji. Nimekosa nini mimi? Nimeshona!

Nitakwenda, lakini sio na isale. Nimeshafikiri dawa ya jambo hili. Leo nimekata kanchiri nyingine, na hii haikazwi mgongoni. Inafunguka mbele, kwa vifungo, toka juu hadi chini, mtoto akilia mama anafungua, ananyonyesha, anafunga. Nani ataifananisha na kaniki ya msiba? Hata Margareta ana macho. Mwantumu ameigeuza geuza akasema hajaona kitu kama hiki hata kwa Wazungu. Namalizia matundu ya vifungo, kesho napanda lori. Barua naiacha hapa, nitaimalizia nikirudi, nikirudi na akili zangu.

Jumatatu, 17 Septemba.

Mama mdogo, nimerudi. Nimeisoma niliyoandika juu nikataka kuichana, lakini karatasi ni adimu, na wewe umenizoea.

Alhamisi nilipanda lori. Njia nzima nilikuwa nagombana na Margareta kichwani, yeye anasema, mimi namjibu, yeye anasema, mimi namjibu, mpaka mama mmoja aliyekaa na kuku akaniuliza kama nina homa. Nilishinda kesi hiyo kabla hatujafika Mwika. Nilipanga kuingia uani, kutandaza kanchiri, kufungua vifungo na kufunga, mbele yao wote, na kungoja waone haya.

Halafu nikafika kwenye uzio wao. Unajua uzio wa kule, ni masale matupu, yamepandwa karibu karibu. Nikasimama. Ndani kulikuwa kimya. Sikusikia mtoto akilia. Nikawaza, nimechelewa. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukang'oa jani, nikalifunga fundo. Kesi yote ya kwenye lori ikaniishia hapo hapo.

Margareta akatokea na debe la maji. Nikapiga shikamoo, nikanyoosha jani. Alilitazama. Kisha akatua debe, akafuta mikono, akalipokea kwa mikono miwili. "Marahaba," akasema. "Homa imeshuka tangu jana. Ingia, usisimame njiani kama mgeni."

Niliketi chini hapo hapo kwenye nyasi.

Ndani kuna moshi na harufu ya mtori, na Dominika amekaa karibu na moto, amenenepa, amekuwa mweupe kwa kukaa ndani, mzuri mno. Mtoto yuko mgongoni pake, amelala, naona kisogo tu. Walikuwa wamempeleka dispensari ya Masista, akapewa dawa chungu, na baada ya siku tatu jasho likatoka. Nikasalimia kutoka mlangoni. Sikusogea karibu. Hakuna aliyesema nimshike, nami sikuomba.

Basi, kwa kuwa sijui kunyamaza, nikatoa kanchiri yangu mpya. Nikaieleza. Nikafungua vifungo, nikafunga. Nikasema hii sio ya kukausha, hii ni ya kunyonyesha, tazama mama, mtoto anafika hapa, tazama. Niliongea mimi peke yangu. Margareta alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Nikaona, haya, ndiyo ile chuki. Nikamgeukia nikamwambia, "Mama, wewe ndiye uliyeirudisha ya kwanza. Hii nayo ina kosa gani?"

Dominika akasema, "Dada, sio mama. Ni mimi."

Nikadhani sikusikia.

"Ni mimi niliyeirudisha," akasema tena. "Ilipofika niliipenda. Nikaivaa. Nikamwomba mama anikazie tepe mgongoni, mwenyewe sifiki. Mama hakutaka, nikamlazimisha. Alipovuta tepe ya kwanza, dada, nikasikia maziwa yanarudi ndani. Mikono ni ile ile ya mwaka jana. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mama akaikata kwa kisu, akaniambia ameshaikata, basi. Na jioni ile mtoto akachemka."

Kumbe ile tepe iliyokatika, niliyoiona kifurushi kiliporudi nikadhani ni ukorofi wa Margareta, ndiyo hiyo.

Nikamwuliza kwa nini basi Melkior aliniambia ni mama. Dominika akamtazama mkwewe. Margareta akatupa ganda la ndizi akasema, "Mimi ndiye niliyemwagiza. Dada ni dada, ukigombana naye utamtoa wapi mwingine? Mkwe kuchukiwa ni kazi yake. Nimeizoea."

Akaendelea kumenya.

Mama mdogo, umewahi kuona haya mpaka masikio yakawaka? Nilikuwa nimeshikilia ile nguo na vifungo vyake, sikujua pa kuiweka. Nilikata vitambaa viwili, nikapanda lori, nikajibizana na mtu kichwani toka Moshi mpaka Mkuu, na katika yote hayo hata mara moja sikuwaza kwamba Dominika mwenyewe anaweza kuogopa. Nilimtaka apite amenyooka. Sikumwuliza kama mgongo wake uko tayari.

Baadaye, Margareta alipotoka kukata majani ya ng'ombe, Dominika alinisimulia ya mwaka jana. Alisema kaniki ile ilikazwa asubuhi na jioni, na maziwa hayakusikia, yalikuwa yanatoka tu, yanachuruzika mpaka kiunoni kwa mtoto ambaye hayupo. Na kila alipomkaza, Margareta alikuwa analia kuliko yeye. Alikuwa anakaza huku anaomba radhi. Yule mama mkavu! Alilala naye kitanda kimoja muda wote huo, Melkior akahamishiwa kwa ng'ombe. Mimi hayo sikuyajua. Nilirudi Moshi baada ya maziko nikidhani mdogo wangu ameachwa na mtu asiye na moyo.

Nikamwuliza kuhusu hii ya vifungo. Akaichukua, akapitisha kidole kwenye tundu moja moja, akasema, "Ni nzuri, dada. Ni nzuri kuliko ile. Lakini sitaki kitu chochote kifuani mwangu sasa. Mtoto akianza kutembea, utaniletea. Niletee hata mbili." Kisha akaniambia nisimwonyeshe mama Margareta uso wa kununa, nitamkosesha usingizi. Sikununa. Nilitoka nje nikamsaidia mama wa watu kubeba majani, na kila nikimtazama nakumbuka nilivyomtukana kwenye barua hii.

Homa haikurudi, na Jumamosi wakamtoa.

Walimnyoa asubuhi, wakampaka mafuta, wakamvalisha gauni la bluu alilonunuliwa na Melkior na shanga za marehemu mama yake Margareta. Chini yake hakuvaa kitu. Kanisani Padri akambariki, tukashuka sokoni, wanawake mbele, wanawake nyuma, nyimbo hazikatiki. Yeye katikati na fimbo mkononi na Primus kifuani. Sikumwona ameinama. Na mimi niliyedhani bila mshono wangu hatanyooka!

Tulipofika penye wauza ndizi, Primus akaamka akalia. Ukimsikia utajua ni mzima, sauti kama ya mpiga mnada. Na kabla hajafika hata titini, maziwa yakaja yenyewe. Yakapenya gauni la bluu, alama mbili, zikapanuka zikashuka mpaka tumboni, mbele ya soko zima la Mkuu.

Wewe unajua kazi yangu inavyoniharibu macho. Nikaona alama tu. Nikavua kanga yangu ya mabegani niende kumfunika. Margareta akanishika mkono, akanibana kweli kweli. "Acha," akasema. "Acha waone."

Nao wakaona. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapima maharage akasimama, akanyoosha kidole kwenye lile gauni, akapiga kigelegele, na wengine wakapokea, mpaka na wale waliotoka Tarakea na mizigo yao, wasiomjua Dominika wala msiba wake. Mwaka jana walimpisha njia. Safari hii walimzingira, wanamgusa mikono, wanagusa ule unyevu wa gauni na kujipaka shingoni kama baraka. Margareta alisimama wima kama mlingoti, machozi yanamtiririka, wala hayafuti.

Mimi nikarudi nyuma, pembeni, na kanga yangu mkononi. Nilikuwa nimekuja bila kualikwa, na nilijiona hivyo.

Primus alipokwisha kushiba, Dominika akageuka huku na huku, akitafuta mtu. Kulikuwa na mikono mingi imenyooshwa, ya mawifi, ya majirani. Akaipita yote. Akaja mpaka nilipo, gauni limemlowa, kichwa kinang'aa, akasema mbele yao wote, kwa sauti, "Dada, mshike mwanao, mikono yangu imechoka."

Nikamshika. Ni mzito, mama mdogo. Sikujua kwamba atakuwa mzito hivyo. Alinitazama, akanikunjia uso, akanicheulia maziwa begani, nami nikayaacha yakauke hapo hapo.

Basi, habari ndiyo hiyo. Wasalimie baba mdogo Filemon na watoto wote kwa majina yao. Mama anakusalimu, na Dominika, na Melkior ambaye safari ijayo nitampa chai. Mama Margareta amesema nikuandikie salamu zake pia, na neno lake moja nimelileta kama lilivyo: "Mwambie aje amwone mtoto." Mwantumu na fundi Mikidadi wanakupa salamu nyingi. Ukipata mtu anayekuja huku, nitumie mpira mwembamba na kulabu ndogo, wateja wanalalamika.

Mungu akulinde huko ugenini, akuondolee kikohozi, akuletee kwetu salama kabla Primus hajaota meno.

Ni mimi mwanao, mwenye maneno mengi na upendo usiopungua,

Theopista